Kikao cha vifo vya uzazi kinakaliwa na wenye makoti meupe tu. Mwenye daraja yuko wapi?

#1 Suka wa Mlimani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mugonile kwa wa Rungwe, kamwene kwa wa Iringa na Njombe.

Mimi ni dereva. Nina Noah iliyochoka. Mchana napiga ruti ya Katumba na Mwakaleli, abiria ndani na mikungu ya ndizi juu. Usiku simu ikilia nabeba wajawazito, maana nimesajiliwa m-mama kama dereva jamii. Kwa asiyeujua huu mfumo: mama akipata tatizo, zahanati au ndugu wanapiga 115, ni bure. Simu inapokewa kituo cha uratibu cha mkoa, wanauliza maswali yao, wakiridhika kwamba ni dharura wanatafuta gari la wagonjwa. Likiwa mbali au limeshatoka, ndipo tunapigiwa sisi. Nikimfikisha na waliompokea wakathibitisha, nauli inaingia kwenye simu yangu. Mama halipi hata mia. Anahudumiwa mjamzito, aliyejifungua ndani ya siku 42, na kichanga mpaka siku 28. Ulianza kwa majaribio kule Sengerema na Shinyanga, Aprili 2022 Rais Samia akauzindua kwa nchi nzima.

Nimeeleza yote hayo ili mtu asije akasema nauponda mfumo. Mfumo sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na daraja.

Mwezi Machi, saa 7 usiku, napigiwa. Mama yuko zahanati, uchungu tangu asubuhi, njia haifunguki, nesi anasema mapigo ya mtoto yanashuka. Naijua hiyo zahanati. Ili uifikie kuna mto mdogo tu, kiangazi watoto wanauruka, na juu yake kuna magogo manne. Mwezi Machi ule sio mto mdogo tena. Nafika, taa zinamulika maji, gogo moja limekwenda, mawili yamekaa upande. Nikapiga 115, dada akaniambia subiri. Upande wa pili nesi amewaamsha vijana, wamefunga blanketi kwenye miti miwili, wanamleta mama kwa miguu na mvua inanyesha. Wakamvusha. Kijana mmoja maji yalimfika kifuani, mwingine kapoteza gambuti lake mpaka leo hajalipata. Kuanzia simu mpaka mama kukaa kwenye kiti changu ulipita muda wa saa 2 na nusu. Kutoka pale mpaka hospitali, dakika 50.

Mama alifanyiwa upasuaji, yuko hai, nilimwona sokoni juzi. Mtoto alizaliwa amechoka sana. Hakulia.

Baadaye nikasikia kifo cha yule mtoto kimejadiliwa kwenye kile kikao cha kupitia vifo vya uzazi na vichanga. Nikamuuliza nesi, mliniita? Akacheka. Alikuwepo daktari, wauguzi, mtu wa maabara, mratibu wa uzazi. Wakaandika sababu: kuchelewa kufika. Hatua ya kuchukua: jamii ielimishwe kuwahi.

Jamii ielimishwe! Yule mama aliwahi, wakuu. Alifika zahanati saa 3 asubuhi kwa miguu yake. Aliyechelewa ni gogo.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Kama kifo kimesababishwa na daraja, kwa nini mwenye daraja hayupo kikaoni? Mwenye maji je, mwenye umeme, mwenyekiti wa kijiji, mimi mwenye gari? Naombeni mawazo, hasa ya wataalamu.

#2 Mzee wa Hoja

Nimeweka kambi hapa. Uzi wa maana, sio zile za nani kaachwa na nani.

#3 Mkunga Mstaafu

Mwanangu Suka, pole na usiku ule. Nimezalisha miaka 34, mingi nikiwa Makete, baridi ya kule unaijua.

Kwanza nikusahihishe kwa upendo. Kikao si cha kuoneana. Kifo cha mama au kichanga kinatakiwa kipitiwe haraka ili tujue kilichotokea, na majina hayatajwi kwa sababu tukianza kunyosheana vidole wauguzi wataanza kuficha. Kwa hiyo usione ajabu kwamba wanakaa wachache. Mtu wa nje akiingia anaweza kutoka pale na maneno akaenda kuyamwaga kilabuni, ndoa ya watu ikavunjika.

Lakini kwenye kiini una haki. Tulifundishwa kwamba mama anacheleweshwa mara tatu. Mara ya kwanza nyumbani, kuamua kutoka. Mara ya pili njiani. Mara ya tatu akishafika, kwetu sisi. Kikao kinakaa na watu wa mara ya tatu tu, halafu kinawalaumu watu wa mara ya kwanza, kwa kuwa hawapo kujitetea. Wa katikati, njiani, hana hata kiti.

Ngoja niwape na letu. Zahanati moja niliyowahi kuifanyia kazi (siitaji) ilikuwa na bomba nje, zuri kabisa, la mradi. Siku moja nakwenda kunawa baada ya kuzalisha, bomba kavu. Jumuiya ya watumia maji wamekata, bili haijalipwa miezi. Nani alipe? Mganga anasema halmashauri, halmashauri inasema kijiji, kijiji kinasema hiyo ni mali ya serikali. Miezi miwili ndugu wa mzazi wanakuja na ndoo kichwani. Na ndoo moja unaipangiaje? Unawe wewe, umsafishe mama, ufue mashuka, usafishe leba. Kichanga akipata maambukizi kwenye kitovu, kwenye kitabu tunaandika maambukizi. Hatuandiki bili ya maji.

Tulichofanya hakikuwa cha ajabu. Siku hizi kuna fedha zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kuna kamati ya usimamizi ya kituo yenye wanakijiji ndani. Tulimkaribisha katibu wa jumuiya ya maji kwenye kikao cha kamati, akaja na kitabu chake cha mita. Tukasoma pamoja. Maji mengi yalikuwa yanavuja chini ya sinki! Fundi alilipwa, bili ikaingizwa kwenye mpango wa kituo wa kila robo mwaka, bomba likarudi. Kikao kimoja, soda na maandazi.

Kwa hiyo usingoje uitwe kwenye kikao cha vifo. Anza na hicho cha kamati, mlango wake uko wazi.

#4 Suka wa Mlimani

Ndaga fijo, asante sana mama. Hapo kwenye kunyosheana vidole nimekuelewa. Sikujua kama kuna kamati yenye wanakijiji, na hii zahanati naipita mara tatu kwa wiki.

#5 Njuluku

Mnajadili magogo wakati tumeambiwa tumeshuka mpaka vifo 104. Rais kapewa tuzo mpaka ya Gates. Sasa hao wanaokufa wanatoka wapi? Siasa tu hizi.

#6 Takwimu Sio Uchawi

Njuluku, namba hizo zisome polepole. Utafiti wa 2015-16 ulitoa vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukatoa 104. Zinapatikana kwa kumuuliza mtu kuhusu dada zake wa tumbo moja, nani yuko hai, nani kafa na alikuwa na mimba au amejifungua. Ni njia halali, ila ina kona zake. Umoja wa Mataifa nao kwa hesabu zao waliiweka Tanzania kwenye 238 mwaka 2020. Ukichukua yoyote, tumeshuka. Ubishi uliopo ni wa kiasi gani.

Namba ambayo haipigiwi vigelegele ni ya vichanga. Wanaokufa ndani ya siku 28 za kwanza, kwa kila vizazi hai 1,000: mwaka 2010 walikuwa 26, 2015-16 wakawa 25, 2022 wakawa 24. Miaka 12, wamepungua watoto wawili tu. Na wanaojifungulia vituoni wamepanda kutoka asilimia 63 hadi 81 kati ya tafiti hizo mbili za mwisho. Maana yake mama anafika kituoni na mtoto bado anatuponyoka. Ndiyo hadithi ya Suka hiyo, mama yuko sokoni, mtoto hayupo.

#7 Njuluku

Sawa mkuu, hapo kwenye vichanga nimenyamaza.

#8 Bibi Shamba Mufindi

Kamwene wote. Mimi ni afisa ugani, Iringa. Jina la bibi shamba nimepewa na wakulima nikiwa bado binti, nikaliacha hivyo.

Suka umesema daraja, mama Mkunga kasema maji. Naongeza sufuria. Utafiti wa 2022 uliikuta Iringa na udumavu, yaani watoto wafupi kuliko umri wao, wa asilimia 56.9 kwa watoto chini ya miaka mitano. Ya kwanza nchini. Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Nchi nzima ni 30. Sasa niambieni, mahindi ya kulisha nusu ya nchi yanatoka wapi? Viazi vya chipsi za Dar vinatoka wapi? Watu wa Dar wakisikia hizi namba wanadhani tuna njaa. Hatuna njaa. Tuna ugali.

Udumavu unaanzia tumboni. Ninaowaona mimi shambani ni kina mama wenye mimba ya miezi minane, amejitwika kiroba cha viazi, ana jembe begani, mgongoni kafunga wa miaka miwili. Akirudi apike. Maharage yameuzwa, mayai yameuzwa, maziwa yamekwenda kwa mnunuzi asubuhi. Ukimuuliza kliniki walikwambia nini, anakwambia wamesema nile mlo kamili na nipumzike. Anacheka. Apumzike nani alime?

Na mimi najilaumu. Miaka yangu yote ya kazi nimekutana na wanaume, kwenye AMCOS (ushirika wa wakulima), kwenye shamba darasa, kwenye ugawaji wa mbolea ya ruzuku. Nesi kakutana na wanawake, kliniki. Ni nyumba ileile moja! Mimi namwambia baba uza mapema bei iko juu, nesi anamwambia mama bakiza cha kula. Nani atasikilizwa, kwa akili yako?

Siku hizi tuna SALIKI, siku ya afya na lishe ya kijiji, kila robo mwaka. Wanapima watoto, wanapika uji, wanapiga picha. Nikaomba dakika 15 zangu, ila kwa sharti kwamba mwenyekiti awaite wanaume. Nilichowaambia hakikuwa lishe. Niliwapigia hesabu ya debe: nyumba ya watu sita inahitaji madebe mangapi ya maharage mpaka msimu mwingine, yawekwe pembeni KABLA mnunuzi hajaja na mizani yake. Wanaume wanapenda hesabu. Mmoja aliniambia, bibi shamba, kumbe wewe ulikuwa unatuuzisha chakula cha watoto. Iliniuma, maana ni kweli.

#9 Kibarua wa Chai

Kwa walioajiriwa sheria inatoa likizo ya uzazi siku 84, ukizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mkupuo ni 100. Sisi vibarua wa kuchuma kwa kilo hizo siku tunazisikia redioni. Dada yangu alichuma mpaka Ijumaa, Jumapili akajifungua, wiki ya tano yuko shambani na mtoto kaachwa na bibi anakunywa uji mwepesi. Mnaposema sekta zishirikiane na mwajiri mumkumbuke.

#10 Baba Wawili

Mimi niko Mbeya mjini, daraja ninalo, lami ninayo, hospitali naiona nikiwa barazani. Mke wangu alitoka damu baada ya kujifungua. Nilikuwa sijui kwamba damu inaweza kumwisha mtu mbele ya macho yako namna ile. Daktari alinieleza baadaye kwamba ikizidi nusu lita tayari ni hatari, na kwamba mama anaweza kuondoka ndani ya saa mbili.

Walifanya yote ya kwao haraka, sina neno. Lakini damu ya kumwongezea ilikuwa chupa moja, wakasema tafuta watu wa kuchangia. Ilikuwa Desemba. Yule wa benki ya damu aliniambia kitu nikakishika mpaka leo: wachangiaji wetu wakubwa ni wanafunzi, shule zikifungwa na sisi tunakauka. Kwa hiyo uhai wa mke wangu ulikuwa unategemea kalenda ya shule!

Waliokuja ni wanakwaya wenzangu. Walikuwa mazoezini, maana ilibaki wiki moja kufika Krismasi. Walikuja kumi na moja, wakafaa saba. Mke wangu akawa anataniwa mtaani kwamba ana sauti zote nne mwilini.

Tangu hapo kwaya yetu inachangia Desemba na Juni, miezi ya likizo, kwa makusudi. Damu haikai sana, ni wiki tano au sita imepita muda wake, kwa hiyo kuchangia wote siku ya maadhimisho halafu basi haisaidii. Tulizungumza na makanisa mawili na msikiti mmoja wa jirani tupokezane miezi. Msikiti wameshika ratiba kuliko sisi, niseme ukweli.

#11 Binti Kyela

Nami niulize. Kwetu kijiji kimetunga sheria ndogo, ukijifungulia nyumbani unapigwa faini. Nia naielewa. Ila jirani yangu alijifungulia njiani, kwenye mpunga, maji ya Kyela mnayajua yakijaa. Akaogopa faini, akakaa ndani na mtoto mwezi mzima. Hajapelekwa kupimwa, chanjo ya kwanza imepita. Hii inasaidia nani?

#12 Mkunga Mstaafu

Binti Kyela, umegusa penyewe. Faini ilipitishwa na serikali ya kijiji, chanjo ni ya zahanati, na waliotunga hawakumuuliza nesi. Mwambieni mwenyekiti asome tena: faini imtafute aliyemzuia mama, sio mama. Na aliyejifungulia njiani apokelewe kama mgeni, sio mshitakiwa.

Kwetu tulikuwa na bibi mmoja mkunga wa jadi, wanawake walimwamini kuliko mimi mwenye cheti. Kumkataza ilikuwa kazi bure. Nilimwomba awe msindikizaji. Akawa anakuja nao mimba ikifika mwezi wa tisa kwenye nyumba ya mama ngojea, anakaa nao wawili watatu, anawapikia, wanaongea Kikinga chao. Uchungu ukianza wako hatua 20 kutoka leba. Kijiji kilichanga kuni na mahindi. Hivyo tu.

Na kwa Suka na madereva wote, shikeni hili, maana nyinyi ndio mnaobeba vichanga usiku: baridi ya huku inaua njiti. Gari halina hita, mtoto kafungwa kanga tatu anaonekana yuko salama, kumbe anapoa. Mvue abaki na nepi na kofia, alazwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja. Mama kama hajiwezi, shangazi au baba anafaa. Hakuna hita inayoshinda kifua cha mtu. Na asiogeshwe kwanza, siku nzima ipite.

#13 Suka wa Mlimani

Mama, hili la kifuani nililiona mara moja, nesi alimvua shangazi koti mbele yangu nikageuka kuangalia dirishani. Nilidhani ni dharura tu ya kukosa blanketi. Kumbe ndiyo dawa yenyewe.

#14 Fundi Kalavati

Nimekaa kimya nikisoma. Mimi ni fundi sanifu, nafanya kazi za barabara za vijijini. Sisemei ofisi ya mtu, nawapa tu ndani kukoje.

Suka, daraja lako la magogo huenda halina mwenyewe. Nisikilize. Barabara za wilaya ziko za mkusanyo, za mlisho na za jamii, na zote zinatakiwa ziwe kwenye rejista. Njia ambayo wanakijiji waliichonga wenyewe miaka hiyo mara nyingi haimo. Kama haimo, haiwezi kuombewa fedha, hata meneja awe na huruma ya namna gani. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuuliza: hii njia iko kwenye rejista ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini? Kama haipo, kijiji kiandike muhtasari, upite kata, diwani aubebe.

La pili, kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mapendekezo yanakusanywa miezi mingi kabla. Watu wanakuja kulia kwetu Machi gogo likishakwenda, wakati bajeti imeshafungwa, inabaki fungu la dharura ambalo wilaya nzima inaligombania. Njoo na barua yako Septemba, Oktoba, wakati jua linawaka na hakuna anayekumbuka mvua.

La tatu ndilo nililotaka kusema hasa. Tunapopanga ipi itangulie, hoja inayobeba ni mazao. Ndizi, chai, viazi, maziwa. Diwani anasema lori ngapi zinapita. Tangu 2021 iongezwe ile shilingi 100 kwenye kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara zetu, fungu limekua, na kelele za kuligombania nazo zimekua. Kwa miaka yangu yote sijawahi kuona mtu ameleta kitabu cha rufaa cha zahanati. Hata mara moja. Watu wa afya wanalia na barabara kwenye vikao vyao, sisi hatusikii.

Leta hicho kitabu, Suka. Rufaa ngapi zimepita pale, ngapi zimebebwa kwa blanketi, saa ngapi zimepotea. Bila majina. Ukurasa mmoja unatosha.

#15 Mzee wa Hoja

Huyu Fundi apewe soda.

#16 Njuluku

Nyongeza ndogo. Umeme nao. Shemeji yangu ni nesi, anasema ile sindano ya kuzuia damu, oksitosini, inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika siku mbili na friji haina sola, dawa inaonekana ni ileile, ila nguvu imepungua. Kuna vidonge, misoprosto, vyenyewe havina haja ya friji. Nilikuwa nawabeza humu, samahani.

#17 Suka wa Mlimani

Wakuu, mrejesho. Ni wiki tatu tangu nifungue uzi.

Nilikwenda kwenye kamati ya kituo. Sikukaribishwa kwa shangwe, mjumbe mmoja aliuliza huyu wa Noah anataka tenda? Mganga akanitetea. Tukafungua kitabu cha rufaa na daftari langu la safari tukaviweka pamoja mezani. Havikulingana mwanzoni, maana yeye anaandika saa ya kupiga simu na mimi naandika saa ya kuwasha gari. Tulikaa mpaka jioni. Tangu mvua za mwaka jana, akina mama tisa na vichanga wawili wamevushwa pale kwa mikono. Tisa! Mimi niliowabeba ni wanne tu, wengine walichukuliwa na wenzangu, kila mtu akidhani ni bahati mbaya yake peke yake.

Mwenyekiti wa kijiji alinyamaza kidogo, kisha akasema wawili kati ya hao ni wakwe zake na hakujua walipitaje.

Njia haimo kwenye rejista, Fundi ulisema kweli. Muhtasari umeandikwa, mtendaji kaupiga mhuri, diwani anao. Ofisi ya barabara wamejibu kwamba watatuma mtu, ila tuwapelekee vipimo vya awali. Jumamosi tulikwenda na kamba. Upana wa mto ukingo hadi ukingo ni mita 6 na sentimita 40. Kuna mdau amejitolea kalavati mbili za bomba za milimita 900. Fundi, zinatosha?

Na vijana wamepanga zamu. Mvua ikizidi siku mbili, wawili wanalala karibu na magogo na tochi, kijiji kinawanunulia betri. Machela tumeshona ya turubai, ile ya blanketi basi.

#18 Fundi Kalavati

Hazitoshi, na usimkubalie huyo mdau hata kama moyo wake ni mzuri. Kwa upana huo bomba mbili zitazibwa na magogo na migomba mvua ya kwanza, maji yatapita juu yataondoka na tuta lote, mtabaki bila hata magogo mliyonayo. Hapo ni boksi kalavati, lile la zege la umbo la boksi, au daraja la mawe. Ya mawe TARURA wamekuwa wakiyajenga, walianzia Kigoma, yanashuka gharama sana kama mawe yako karibu, na Busokelo mawe hamnunui. Kijiji kikijitolea kusomba mawe, iandikeni kwenye barua, ina uzito.

Rudi na kamba yako upime na kina, sio upana tu. Halafu tafuta mti wa ukingoni, uangalie takataka za mafuriko zimenasa wapi, upige picha na mtu amesimama pembeni ili urefu uonekane. Hiyo picha wataitaka kabla ya kingine chochote.

#19 Suka wa Mlimani

Mti upo, mkuyu. Nyasi zimenasa juu ya kichwa changu, na mimi sio mfupi. Kesho asubuhi naipiga nikitoka kushusha ndizi.